Mahaba Hayakuja na Riwaya

Imeenea dhana, na wanaoieneza ni watu wenye elimu na wenye kusikilizwa, ya kwamba wazee wetu wa Amu, Pate na Siyu hawakuyajua mahaba. Ya kwamba ndoa zao zilikuwa mapatano ya nasaba na mali tu. Na ya kwamba kisa cha bwana mtukufu aliyejeruhiwa vitani, akapendwa na mjane mwenye kuficha siri yake, ni kisa cha Wazungu kilichotufikia kwa riwaya na sinema. Dhana hii ni batili, nami siwezi kuinyamazia, kwa kuwa inawadhulumu wafu wasioweza kujitetea.

Bwana mwenye jeraha si mgeni kwetu. Fumo Liyongo, shujaa wa tendi zetu, aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, alikwenda akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na mji mzima ukashikwa na kiu kwa kumhofu. Lakini ushahidi mkubwa kuliko huo uko Siyu, na shahidi wake ni mjane.

Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, yule aliyekataa kuinamisha shingo mbele ya Seyyid Said, mtawala wa Unguja, na ambaye katika miaka ya 1840 majeshi ya Unguja yalimwendea kwa vyombo yakarudi yameshindwa, amiri wao ameuawa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Katika mwaka wa 1275 wa Hijra, yaani 1858, mjane wake, akiwa kitandani kwa maradhi yaliyomkalia muda mrefu, alimwita binti yake Mwana Hashima ajongee na wino na karatasi, akampa wasia wake kwa utendi.

Utendi huo leo una mahasimu wawili wanaoshirikiana pasipo kujua: wale wanaoufanya bakora ya kuwatishia mabibi harusi, na wale wanaoushika kuwa hati ya utumwa wa mwanamke wa pwani. Wote wawili husoma amri, wakakomea hapo: mfukize mumeo udi asubuhi na jioni, mpunguze ndevu, alalapo usimwamshe kwa kishindo, aamkapo umkande mwili. Hawafiki, au hufika wakapita mbio, pale mjane anapoacha kuamuru akajisimulia mwenyewe. Anasema waliingia nyumbani kwa furaha na kucheka. Hawakuvunjiana heshima siku zote walizokaa pamoja. Faradhi ya Mola ilipomjia mume, alimkariria radhi zake. Na tangu siku hiyo kilio chake hakijanyamaa kila akumbukapo wingi wa mazoea yao.

Nauliza: alimwogopa nani hata aseme hayo? Bwana alikuwa kaburini; hakuwa na talaka ya kutoa wala nguo ya kununua. Mwanamke akaribiaye mauti hana haja ya kujipendekeza kwa maiti. Tena zikisomwa amri zile baada ya ushuhuda huu, hazibaki kama zilivyokuwa, kwani kichwa kilichofukizwa udi kilikuwa cha mtu aliyewindwa na dola, na mwili uliokandwa ulikuwa umetoka katika husuma za miaka mingi. Mimi naona humo mikono ya mwanamke anayekumbuka mwili wa mpenzi wake kiungo kwa kiungo.

Na siri anayo. Mke wa adui mkubwa wa Seyyid Said hakutia bahari wala bunduki katika wasia wake. Vita aliwaachia wanaume wavihadithie, yeye akahifadhi kicheko cha nyumbani. Mgeni apitaye vichochoro vya Amu, akaona milango imefungwa na kuta nene, na juu yake mawikio ambayo wanawake waliyapita kutoka nyumba hadi nyumba wasionekane, hudhani kwamba penye sitara kubwa namna hiyo hapakuwa na huba. Kumbe huba ilikuwa ndani, mbali na macho yake.

Watasema binti hakumchagua mume. Ni kweli kwa nyumba nyingi za waungwana, wala silitetei jambo hilo. Ila mtu aliyeozwa kwa amri ya wazee aweza kupenda baadaye kwa moyo wake, na aliyetuachia habari hiyo ni mwenyewe aliyeolewa, ilhali wanaomkanusha hawakuwapo.

Basi mwalimu atakayeufunza utendi huu, awe Amu au Mombasa, namtaka aanzie katika kilio cha mjane, ndipo arejee kwenye udi na ndevu. Na wanaomsomea bibi harusi wafanye vivyo hivyo, wamsomee kwanza habari za furaha na kucheka, kabla ya kumhesabia faradhi zake.