Barua taka usiifute, ihamishe

Kazi yangu ni kusimamia seva ya barua pepe ya ofisi hapa Dar es Salaam, na lalamiko ninaloletewa ni lilelile: "Dada, barua za mteja zinaingia kwenye taka. Chujio lako bovu." Chujio si bovu. Linafuata lilichofundishwa, na walimu wake ni sisi tunaolitumia.

Programu kama SpamAssassin, tunayoitumia sisi, ina sehemu inayohesabu maneno. Paul Graham aliieneza njia hiyo mwaka 2002, kwa kutumia kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Neno likijitokeza sana kwenye taka na mara chache kwenye barua njema, linatiliwa shaka. Kwa kawaida hesabu hiyo haianzi kutumika mpaka programu isome barua taka 200 na njema 200.

Inazipata kwetu. Ukihamisha barua kutoka kikashani kwenda folda ya taka, seva yetu inaisoma kama taka. Ukiirudisha kikashani, inafuta somo la awali na kuisoma kama njema. Ila ukiitoa kwenye taka kwenda folda ya zilizofutwa, nimeizuia isijifunze chochote. La sivyo, kila anayesafisha folda yake angekuwa anawatakasa matapeli.

Sasa angalia tunavyofanya. Barua ya kitapeli ikiingia, mtu anaifuta, basi. Matangazo ya semina aliyojiandikisha mwenyewe yakimchosha, anayatupa kwenye taka badala ya kujiondoa. Mwingine kachoka kudaiwa, ankara za wauzaji anazisukumia humohumo. Ankara moja haina madhara. Zikizidi, idara ya manunuzi ndiyo inayoumia, maana hesabu ya maneno ni moja kwa ofisi nzima.

Kwa Kiswahili uzito unaongezeka. Sehemu hii haijui lugha yoyote, inajua maneno iliyokwisha kuyaona. Utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tuliouzoea kwenye simu, ukija kwa barua pepe hauna neno hata moja la kuishtua, mpaka aliyeupokea auhamishe. Tusingoje fundi wa ng'ambo aje kuifundisha "zabuni" ya kweli na ya uongo.

Kwa hiyo mwajiri anayempa mfanyakazi anwani mpya ampe na maelezo haya siku hiyohiyo. Nasi wasimamizi tuseme wazi seva zetu zinajifunza nini, na lini. Nawe, kabla hujanipigia simu, fungua folda ya taka, itafute barua ya mteja wako, uirudishe kikashani. Kazi hiyo siwezi kukufanyia: barua zako sizisomi, na sipaswi kuzisoma.