Besi ya Taarabu na Kipimo cha Makala

Jamaa zangu, hapa Bertrams, Johannesburg, wajukuu huiuliza Wikipedia habari za asili yao kabla ya kuwauliza wazee. Basi yatupasa tujue kuzipima makala zake.

Chukueni besi, fidla kubwa kuliko zote, ipigwayo kwa kusimama. Kueleza nyuzi zake 4 na orkestra za Ulaya ni mwanzo tu. Johnny Gertze, aliyeipiga mjini humu mwaka 1960 katika santuri ya Jazz Epistles, naye ana haki ya kutajwa. Na makala isiyoitaja taarabu ya Unguja, ambako besi huwabeba udi na kanuni katika Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa 1905, ni pungufu, hata ikipambwa vipi.

Lakini lawama si ya wageni peke yao. Kamusi elezo hiyo haipokei “babu alisema”. Hutaka chanzo kilichochapishwa. Picha na kanda zikiendelea kulala masandukuni, watoto wetu watasoma historia ambamo wazee wao hawamo. Tuzitoe, tuziandikie majina na tarehe, tuwakabidhi watafiti na wahifadhi wa nyaraka. Mali bila daftari hupotea bila habari.