Mwenye Kusikiliza King'ora Siku Ambayo Hakuna Hatari

Ndugu wasikilizaji wa redio yetu, na ninyi jamaa ambao mumehama makwenu na munatusoma kwa simu ya jirani, leo ninaomba tuzungumzie jambo la mbali ambalo linatugusa karibu.

Kule Marekani kuna watu ambao wanajifurahisha kwa kufwatilia ving'ora. Ninasema vile vyombo vikubwa vilivyowekwa juu ya milingoti, ambavyo wengi wetu tunaviita sirene, vinavyolia kuonya wakaaji kwamba tornado inaweza kuwafikia. Siku ya majaribio, kijana anabeba simu yake ao mashine ya kurekodi, anasimama pembeni ya barabara na kungoja. King'ora kinalia dakika chache, kinanyamaza, naye anaandika: ni cha aina gani, kilitengenezwa na kampuni gani, kimelia vizuri ao kimekohoa tu. Kisha anaweka alama kwenye ramani ambayo wenzake pia wanaijaza. Hakuna anayemlipa. Jirani wengine wanamcheka.

Maoni yangu ni kwamba huyo kijana anafanya kazi ambayo sisi huku hatuna mtu wa kuifanya, na sherti tumpate.

Kwanza tuelewane juu ya tornado. Ni upepo unaozunguka kwa nguvu sana, unaoshuka toka wingu mpaka chini mfano wa mkonga wa tembo. Unaweza kubomoa nyumba kwa sekunde chache na kuacha nyumba ya jirani imesimama. Kwa wastani, Marekani inahesabu zaidi ya tornado 1000 kwa mwaka. Na jamaa zetu wako kule. Wengi waliotoka Kivu, wakapita kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania, leo wanaishi Louisville katika jimbo la Kentucky, Des Moines katika Iowa, ao Dallas katika Texas. Mutu aliyekimbia mabomu akisikia sauti kama ile, moyo wake unarudi vitani. Anaweza kukimbilia inje, na inje ndiko kifo kilipo. Kwa hiyo mukizungumza nao kwa simu, muwaambie: kingilia ndani, shuka chini kabisa ya nyumba, kaa katika chumba kisicho na dirisha, kisha tafuta habari kwenye redio ao simu.

Vile ving'ora vina ukoo wake. Jina la sirene lilitoka kwa Mfaransa Charles Cagniard de la Tour, ambaye mwaka wa 1819 alitengeneza chombo cha kupima sauti. Ving'ora vingi vya zamani vya Marekani vilisimikwa wakati serkali ilipoogopa ndege za adui, kisha vikabaki kwa ajili ya hali ya hewa. Kampuni ya Chrysler, ile ya magari, ilitengeneza kimoja katika miaka ya 1950 chenye injini ya V8 ya nguvu za farasi 180. Sauti yake ilifika desibeli 138 kwa umbali wa mita 30 hivi. Kuna kingine kinaitwa Thunderbolt, cha kampuni ya Federal Signal, kilichoanza mwaka wa 1952. Pembe yake inazunguka, ndiyo sababu sauti inakuja na kwenda kama mutu anayegeuza kichwa. Wale wapenzi wa ving'ora wakisikia tu namna hiyo ya kuja na kwenda, wanaanza kutaja majina.

Wanatambuaje? Si uchawi. Ndani ya king'ora cha motari kuna gurudumu lenye madirisha, linalozunguka ndani ya ngoma yenye madirisha pia. Hewa inakatwa kila madirisha yanapokutana na kuachana. Gurudumu lenye madirisha 8 likizunguka mara 60 kwa sekunde moja, hewa inakatwa mara 480, na huo ndio urefu wa sauti. Vingine vina safu mbili, kwa mfano madirisha 10 upande mmoja na 12 upande mwingine, na sikio linapata sauti mbili kwa pamoja, kama waimbaji wawili wa kwaya. Mwenye sikio lililozoea anajua pia wakati motari imechoka, kwa sababu sauti haipandi mpaka mahali pake. Vya kisasa vingine havina gurudumu, vinatumia vipaza sauti, na vingine vinaweza kutamka maneno.

Jambo ambalo mimi ninalipenda zaidi ni siku za majaribio. Katika jimbo la Minnesota, ving'ora vinajaribiwa siku ya tatu ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana. Katika sehemu nyingi za Illinois ni siku ya pili ya kwanza ya mwezi, saa ine asubuhi. Mji wa Oklahoma City unajaribu kila siku ya posho saa sita mchana, na Columbus, Ohio, kila siku ya tatu saa sita. Mama anapika, mtoto yuko shuleni, king'ora kinalia, na kila mutu anajua kwamba leo ni jaribio. Wengi hawainui hata kichwa. Lakini mpenzi wa ving'ora anainua. Yeye ndiye anayegundua kwamba kile cha karibu na uwanja wa mpira kimekaa kimya mwezi wa pili sasa.

Sasa kuna watakaouliza: king'ora kinaokoa mutu kweli? Swali hilo ni la haki. Tarehe 22 Mei 2011, siku ya Mungu, tornado kubwa ilipiga mji wa Joplin katika jimbo la Missouri. Ving'ora vililia kwa mara ya kwanza dakika ishirini na zaidi kabla. Watu zaidi ya 150 walikufa. Wachunguzi walipouliza walionusurika, walikuta kwamba wengi hawakujificha mara waliposikia sauti ya kwanza. Walingoja ishara nyingine: kutazama mbingu, kufungua televisheni, kuuliza jirani. Walikuwa wamezoea kuisikia bila kitu kufika.

Na kuna siku sauti yenyewe haikutoka. Tarehe 16 Mei 2025, tornado ilipita katika mji wa St. Louis, na ving'ora vya mji havikulia. Meya alisema agizo la kuviwasha halikuwa wazi. Milingoti ilikuwa imesimama mahali pake. Upungufu ulikuwa kati ya mutu na mutu: nani anabonyeza, na nani anamwambia abonyeze.

Hapo ndipo mupaka wa wapenzi wa ving'ora unaonekana. Sikio lao linafika kwenye chombo, halifiki ofisini. Wanaweza kukuambia kila king'ora cha mji kilitengenezwa wapi, lakini hawawezi kukuambia kama afisa wa zamu atakuwa kwenye kiti chake. Ndiyo sababu ninasema mfano wao ni mzuri lakini ni nusu. Anayechunguza onyo sherti achunguze chombo na mkono unaokiwasha.

Wengine wanasema kujua mno ni hatari. Wanakumbusha Dallas, Aprili 2017, wakati mutu asiyejulikana alipotumia mawimbi ya redio akaamsha ving'ora 156 usiku wa manane, na wakaaji wakajaza simu za dharura. Ni kweli, jambo hilo liliogopesha. Lakini yule hakufanya kazi ya kuandika sauti kwenye daftari. Alipitia mlango ambao ulikuwa haujafungwa vizuri. Mji ambao watu wake wanajua mlio wa kweli uko namna gani, na unalia saa gani, ndio unaoweza kutambua haraka kwamba mlio wa usiku ule si wa kawaida.

Turudi sasa kwetu. Sisi hatuna tornado za namna ile, lakini hatujakosa vya kutuamsha. Miaka kumi kamili baada ya Joplin, tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho jioni, Nyiragongo ilitapika. Wengi walijua walipoona anga limekuwa jekundu. Kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimepungukiwa fedha. Watu wakabeba watoto na magodoro bila kujua lava inaelekea upande gani. Tarehe 27 Mei serkali ya jimbo ikaamuru sehemu ya mji wa Goma ihame, na watu kwa maelfu na maelfu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru na ng'ambo ya mupaka Rwanda. Na tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, maji yalishuka toka milimani Kalehe. Bushushu na Nyamukubi zilipoteza watu zaidi ya 400. Nani alipiga kengele gani siku ile, na nani aliisikia?

Kuna wanaosema: serkali ituletee ving'ora. Mimi sikatai. Lakini king'ora ambacho hakuna anayekisikiliza siku za kawaida kitapata kutu juu ya mlingoti, na siku ya hatari tutasikia upepo tu. Tuanze na tulivyo navyo. Kila mtaa una kitu: kengele ya kanisa, spika za msikiti, jante la gari linalotundikwa shuleni na kupigwa kwa chuma, megafoni ya shefu, filimbi ya walinzi wa usiku, na redio. Tuviandike. Tujue kila kimoja kinasikika mpaka wapi. Mvua ikipiga mabati ao mahema ya plastiki, hakuna anayesikia jante la shule hata akiwa mita mia moja. Hilo ni jambo la kujua kabla ya mvua, na kijana wa miaka kumi na tano mwenye daftari anaweza kutuambia.

Tupange siku moja ya mwezi na saa moja, kisha tujaribu. Tukubaliane mlio upi ni wa maji, upi ni wa moto, na kila mlio unatuma watu wapi, kwa sababu sauti peke yake haimwambii mutu apande ao ashuke. Funguo za kengele wawe nazo watu wawili, si mmoja ambaye siku hiyo amekwenda soko. Kwa yule asiyesikia kwa masikio, na kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, apangwe jirani wa kumfikia.

Ninaongeza onyo ambalo mpenzi wa ving'ora kule Marekani hana haja nalo. Yeye anaweza kusimama chini ya mlingoti na kamera yake saa nzima. Kwetu, kijana anayepiga picha na kuandika andika karibu na kambi ya askari ao kizuizi cha barabarani anaweza kuitwa mpelelezi. Kwa hiyo kazi hii ifanyike mchana, mbele ya watu, pamoja na shefu wa mtaa na wakubwa wa nyumba kumi. Tubaki kwenye makanisa, misikiti, shule na soko. Na jaribio lolote sherti litangazwe redioni siku mbili mbele na tena asubuhi ile. Katika sehemu ambazo watu wamelala wakiwa wamevaa viatu, kengele isiyotangazwa inaweza kuua kwa msongamano.

Kuna mama mmoja katika familia zilizohama ambaye aliniambia kwamba yeye anaamini mbwa kuliko tangazo, sababu mbwa hawajawahi kumdanganya. Ninamwelewa. Imani katika onyo haijengwi siku ya hatari. Inajengwa siku nyingi ambazo kengele ilisema jaribio, na ikawa jaribio kweli, na mutu akaandika kwamba imesikika.

Sisi redioni tutakuwa tayari kusoma hewani orodha ya kila mtaa na kila kambi itakayotuletea: kengele ipi, nani ana funguo, inasikika mpaka wapi, ilijaribiwa lini. Mwezi ambao mtaa wako haukujaribu, tutalisema hilo pia.