Siri ya Ukoo Si Mali ya Mnadani

Tarehe 23 Machi, 2025, kampuni ya Marekani iitwayo 23andMe ilikwenda mbele ya mahakama katika jimbo la Missouri, ikatangaza kwamba imefilisika na kuomba kinga ya sheria dhidi ya wadai wake. Kampuni hufilisika kila siku, na kwa kawaida habari ya namna hiyo haipati nafasi katika ukurasa huu. Kampuni ya nguo ikifilisika, mnada hupigwa, majora huuzwa, wadai hulipwa kadiri iwezekanavyo, na wafanyakazi hupata kilichobaki. Lakini kampuni hii haikuwa na majora ghalani. Mali yake kubwa ilikuwa ni habari za miili ya watu zaidi ya milioni 15, waliotema mate katika vichupa majumbani mwao, wakavifunga na kuvipeleka kwa posta.

Hilo ndilo jambo tunalotaka wasomaji wetu walitafakari leo. Yawezekana wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani, na kwamba mtu wa bandarini au wa kiwandani hapa kwetu hayamhusu. Sisi twaona yanamhusu, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza yafaa tueleze biashara yenyewe. Kampuni hiyo ilianzishwa California mwaka 2006. Mteja hununua kisanduku, na kwa miaka mingi bei iliyotangazwa ilikuwa karibu dola 99. Ndani yake mna kichupa cha kutemea mate. Katika maabara mate hayo husomwa vinasaba, au DNA kama wengi walivyozoea kuiita, yaani yale maandiko ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili. Kisha mteja huelezwa asili ya wazee wake, maradhi ambayo huenda yakampata, na majina ya wateja wengine walio jamaa zake.

Hatuwacheki watu waliofanya hivyo. Wako Wamarekani weusi ambao babu zao walivushwa bahari katika minyororo, wakanyang'anywa hata majina yao, na ambao hawana kitabu wala mzee wa kuwaambia walikotoka. Mtu wa namna hiyo akitafuta ukoo wake kwa njia yoyote aliyoipata, nani atamlaumu? Wako pia waliogundua hatari ya maradhi mapema, wakajitibu. Ugomvi wetu si na elimu, maana elimu ya vinasaba ni neema kwa binadamu. Ugomvi wetu ni na desturi ya kuifanya siri ya damu kuwa bidhaa, kisha kumwachia mteja mmoja na karani wa kampuni wapatane juu ya jambo ambalo si lao wawili peke yao.

Kila mtu amepata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki karibu nusu, na watoto wao, yaani mabinamu, hushiriki kiasi cha sehemu moja katika nane. Kwa hiyo mtu anapotema mate katika kichupa, hajisemei nafsi yake tu. Anawasemea ndugu zake, wanawe, na hata wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Hao hawakuulizwa na hawakutia sahihi, wala hawana njia ya kuirudisha siri hiyo ikisha kutoka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Anayedhani tunatia chumvi na aangalie yaliyotokea California mwezi Aprili, 2018. Polisi walimkamata Joseph James DeAngelo, aliyekuwa askari polisi zamani, ambaye mwaka 2020 alikiri kuwaua watu 13 katika miaka ya 1970 na 1980. DeAngelo hakupeleka mate yake popote. Alipatikana kwa sababu jamaa zake wa mbali walikuwa wameweka habari zao katika hazina ya wazi iliyoitwa GEDmatch, na wapelelezi wakafuata ukoo, tawi kwa tawi, hata wakafika mlangoni kwake. Sisi twafurahi kwamba muuaji amekamatwa, na hapana mtu mwema asiyefurahi. Lakini njia iliyomfikia muuaji yaweza kumfikia mtu yeyote, mwema au mwovu. Mwaka huo huo wataalamu walichapisha katika jarida la Science hesabu zilizoonyesha kwamba Wamarekani wenye asili ya Ulaya wapatao asilimia 60 wangeweza kupatiwa angalau jamaa mmoja katika hazina ya namna hiyo, wa ngazi ya binamu wa tatu au wa karibu zaidi. Basi mtu aliyekataa kupimwa maisha yake yote hana tena siri, kwa kuwa binamu asiyemjua hata kwa sura amekwisha kumtolea.

Jambo la pili ni wizi. Mwezi Oktoba, 2023, ilijulikana kwamba wezi wa mitandaoni wameingia katika akaunti za wateja wa 23andMe zipatazo 14,000, kwa kutumia maneno ya siri yaliyoibwa mahali pengine. Lakini kwa kuwa kampuni ilikuwa imewaunganisha wateja na jamaa zao, wezi hao walipata habari za watu wapatao milioni 6.9. Hatimaye orodha za watu wenye asili ya Kiyahudi na ya Kichina zikatembezwa na kutafutiwa wanunuzi. Tunawaomba wasomaji wetu walikumbuke hilo vizuri. Ulimwengu umepata kuona, tena si mara moja, matumizi ya orodha za watu waliopangwa kwa damu yao. Na mtu akiibiwa neno la siri atalibadili jioni ile ile, lakini akiibiwa vinasaba hatapata vingine mpaka anaingia kaburini.

Jambo la tatu ni ahadi. Wateja hao waliahidiwa kwamba habari zao zitatunzwa. Lakini katika maelezo marefu ya kampuni, yale ambayo watu huyapita bila kuyasoma, ilikuwa imeandikwa kwamba kampuni ikifilisika au ikiuzwa, habari hizo zaweza kuuzwa pamoja nayo. Siku mbili kabla ya kampuni kwenda mahakamani, Mwanasheria Mkuu wa California aliwakumbusha wananchi kwamba wana haki ya kufuta habari zao na kuagiza mate yao yaharibiwe. Kampuni ya dawa iitwayo Regeneron ilikuwa tayari kutoa dola milioni 256. Mwezi Juni majimbo 27 pamoja na mji mkuu, Washington, yalikwenda mahakamani kupinga habari hizo zisiuzwe bila idhini ya kila mwenyewe. Mwishowe shirika lisilo la faida, lililoundwa na mwanzilishi wa kampuni hiyo hiyo, lilishinda kwa dola milioni 305, na mahakama ikakubali.

Watetezi wa biashara hiyo husema kwamba mambo yaliishia vizuri, kwa kuwa mnunuzi aliahidi kufuata masharti ya zamani. Twauliza: je, angetokea mnunuzi mwingine mwenye fedha nyingi zaidi na nia mbaya zaidi, ni nani angemzuia? Mteja hakuwako mezani. Jamaa za mteja hawakujua hata kwamba kuna meza. Amana ambayo usalama wake unategemea tabia ya mnunuzi wa mwisho haistahili kuitwa amana.

Sasa tuje kwa mfanyakazi, maana mwajiri na mwenye bima hawajapata kukosa hamu ya kujua yaliyomo ndani ya mwili wake. Mwaka 2001 nchini Marekani tume ya serikali inayosimamia usawa kazini iliishitaki kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe. Wafanyakazi waliodai kwamba mikono yao imeumizwa na kazi walitolewa damu, na damu hiyo ikapimwa vinasaba pasipo kuambiwa. Kila mfanyakazi ataelewa hatari yake. Mkono uliovunjwa na chuma kwa miaka 20 ungeweza kusemwa kwamba una kasoro ya kuzaliwa, na fidia ingepotelea hapo. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa wafanyakazi 36.

Mwaka 2008 Marekani ikatunga sheria inayokataza mwajiri na bima ya matibabu kutumia vinasaba dhidi ya mtu. Sheria hiyo haikukaa bure. Katika ghala moja la vyakula huko Atlanta, mtu asiyejulikana alikuwa akichafua ghala kwa kinyesi, na wakubwa wakawataka wafanyakazi wawili watoe chembe za ndani ya mashavu yao ili wapimwe. Ikaonekana kwamba hawakuhusika. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2015 baraza la raia walioisikiliza kesi likawapa haki. Hawakuokolewa na huruma ya tajiri wala na ahadi iliyoandikwa katika kisanduku. Waliokolewa na sheria. Hata hivyo sheria hiyo ina matundu. Haimgusi mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 15, wala haizuii bima ya maisha kuuliza yaliyomo katika damu ya mtu.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Huko mtu haruhusiwi kujipima vinasaba kwa ajili ya kutafuta asili yake tu, na anayefanya hivyo aweza kutozwa faini ya euro 3,750. Wengine wataona hiyo ni kali mno. Lakini angalau wenzetu hao wamekiri kwamba jambo hili ni la jamii nzima, wala si la mnunuzi na muuzaji tu.

Na sisi je? Hatulali. Nchini Kenya sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 ilitaka vinasaba vya raia viingizwe katika daftari la taifa, na tarehe 30 Januari, 2020, Mahakama Kuu ikaamua kwamba jambo hilo linavunja Katiba. Tanzania inayo sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyotungwa mwaka 2022. Hayo ni mema. Lakini sheria ya nchi huishia mpakani, na ukoo hauishii mpakani. Kijana wetu aliyeko Minnesota au London akitema mate katika kichupa kwa kujifurahisha, amewatolea siri mama yake aliyeko Tanga na wajomba zake walioko Mombasa, na mlinzi wa sheria wa hapa hana mkono wa kufika huko.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Vinasaba vya binadamu visihesabiwe kamwe kuwa mali ya kampuni inayofilisika, na visihamishwe kwenda kwa mtu mwingine pasipo idhini mpya ya mwenyewe. Asiyejibu, habari zake zifutwe. Mwajiri, na bima ya aina yoyote, wakatazwe kuviomba, kuvinunua au kuvitumia. Polisi wasivitazame bila hati ya mahakama, na kwa makosa makubwa tu. Na vyama vya wafanyakazi visingoje Bunge: viandike masharti hayo katika mikataba yao na waajiri sasa, kabla vipimo hivyo havijaletwa kazini kwa jina zuri la afya.

Kwa wanachama wetu na jamaa zao tuna neno moja la kuongeza. Mtu hauzi shamba la ukoo bila kuwaita wazee. Anayetaka kujipima, awe hapa au ugenini, na akae kwanza na ndugu zake, awaeleze, awasikilize, ndipo aamue. Na aliyekwisha kujipima asikate tamaa, bali na aandike leo kudai habari zake zifutwe na mate yake yaharibiwe. Siri ya damu tumeachiwa na waliotutangulia tuwatunzie watakaokuja. Tukiacha ipigiwe mnada, majuto yatakuwa ya wajukuu.