S0C4: Afadhali Programu Ianguke

Stima imerudi hapa Nyakoe, kwa hivyo nitoe dukuduku langu: programu inayoanguka ni afadhali kuliko inayotoa jibu bovu kimya kimya.

Juzi nilikuwa kwenye MVS 3.8j, mfumo wa zamani wa mainfremu za IBM. Naiendesha kwa laptopu kupitia Hercules, programu iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. Niliandika rutini fupi ya asembla ya kujumlisha namba mbili, nikaiita kutoka C. Nikaweka 5 na 7. Jibu likawa takataka, na hakuna onyo lolote! Nilipoweka namba kubwa ndipo ikaanguka: S0C4, yaani umegusa kumbukumbu usiyoruhusiwa.

Kosa lilikuwa langu. Rejista 1 huelekeza kwenye orodha ya parameta. Asembla yangu ilitarajia kukuta humo anwani za namba, kama COBOL inavyozipeleka. Kompaila yangu ya C iliweka namba zenyewe. Basi 5 ikachukuliwa kuwa anwani, rutini ikasoma mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, ambako kusoma hakukatazwi, ikajumlisha ilichokikuta. Kwenye z/OS, programu za C za biti 31 zina dawa ya hili: #pragma linkage(JUMLA, OS), na C itapeleka anwani.

Kuna mtego wa pili. Rejista 13 huelekeza kwenye baiti 72 za kuhifadhia rejista za aliyekuita. Ni kama kuazima jembe: lirudishe kabla mwenyewe hajaenda shamba. Usipozirudisha rejista, C itaanguka mistari mingi baadaye, nawe utalaumu mstari usio na hatia.

Ndiyo maana nasema usikimbilie mahali programu ilipoangukia. Hapo ndipo jeraha lilipoonekana tu. Kagua kwanza rejista 1, 13 na 14, kisha jaribu kwa namba ambazo jibu lake unalijua kichwani.

Hebu fikiria rutini kama yangu inakokotoa malipo ya majani chai ya mama yako. Ikianguka, atasubiri siku moja. Isipoanguka, nani atajua amepunjwa?