Na Sisi Tumekuwa Matajiri

Ndugu Wanachama,

 Mwezi huu hatuandiki habari za mishahara wala za nyumba. Twataka kuandika habari za pikipiki. Pengine wengine watacheka na kuuliza, je, chama cha wafanyakazi kina shauri gani na pikipiki? Tafadhalini someni mpaka mwisho, kisha mtuambie kama tumekosea.

Wote mwajua kwamba reli haikufika Meru. Ilifika Nanyuki na ikaishia hapo. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa Kanyakine, Nkubu, Igoji na upande wa Embu, tukienda nyumbani kwa likizo twamalizia safari kwa gari la abiria, na kutoka barabara ya lami hata mlangoni kwa mama twapanda pikipiki. Pikipiki ndiyo ipelekayo ndizi sokoni, ndiyo impelekayo mama mjamzito hospitali usiku. Neno lenyewe bodaboda lilianza Busia miaka ya 1960, watu walipobebwa kwa baiskeli kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda. Baadaye, mwaka 2008, Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zikajaa kila kijiji.

Basi wengi wetu tumechukua mkopo wa Sacco, tukanunua pikipiki moja, tukamkabidhi kijana nyumbani aiendeshe na kutuletea fedha kila siku. Si jambo baya. Lakini siku ile ulipomkabidhi kijana ufunguo, ndugu yetu, ulikuwa tajiri. Hatusemi una mali nyingi. Twasema tajiri kwa maana ile waliyoitumia wazee wetu, yaani mtu mwenye kuajiri mtu. Na hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza.

Mwanachama mmoja, ambaye kwao ni Kanyakine, alinunua pikipiki kwa mkopo, akampa mpwa wake. Walipatana Sh. 400 kwa siku, kwa mdomo tu. Mwezi wa Oktoba mpwa alipiga simu akasema, "Mjomba, breki zimekwisha, nahitaji fedha kidogo." Mjomba akajibu, "Endelea kwanza, tutaona mwisho wa mwezi." Novemba mvua ilikuwa kubwa. Kijana alikuwa akiteremka kwenda mtoni, amebeba watu wawili na gunia moja, ili aipate ile Sh. 400 kabla ya giza. Pikipiki haikusimama. Kijana alivunjika mguu, na abiria mmoja aliumia bega. Walipotazama karatasi za bima, wakakuta ni bima ya mtu binafsi, si ya kubeba abiria kwa nauli. Kampuni haikulipa kitu. Hata leo mkopo wakatwa katika mshahara wa mjomba kila mwezi, na pikipiki imelala nyuma ya nyumba.

Ndugu zetu, hebu tufikiri. Kama mkubwa wa kazi angemwambia dereva wa gari moshi, "Ondoka tu, breki tutatazama mwisho wa mwezi," sisi tungefanya nini? Tungekataa siku hiyo hiyo. Gari moshi haliondoki stesheni kabla breki hazijapimwa. Basi kwa nini kanuni tuliyoizoea kazini tunaiacha getini tukienda nyumbani?

Kwa hiyo tumeandika hapa maswali ambayo wanachama hutuuliza mara kwa mara, pamoja na majibu yake.

La kwanza: pikipiki iandikwe kwa jina la nani? Iandikwe kwa jina lako mwenye mali. Ukinunua iliyokwisha kutumika, usiridhike na karatasi ya mapatano peke yake. Sheria ya barabarani yasema kwamba gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye mpya kuandikishwa. Usipobadilisha jina, pikipiki ni ya mtu mwingine mbele ya sheria, na siku ya shida utajikuta huna neno la kusema.

La pili: mwendeshaji awe na leseni gani? Kujua kuendesha si leseni. Leseni ya daraja A2 ni ya pikipiki, lakini abebaye abiria kwa nauli yampasa awe na daraja A3. Kama kijana wako hana fedha za kwenda shule ya udereva, mlipie wewe kwanza, kisha mpatane atakavyorudisha kidogo kidogo. Hakuna aliyepanda injini ya reli kabla ya kufundishwa.

La tatu: bima ipi? Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kwa sheria. Lakini mwambie wakala waziwazi kwamba pikipiki itabeba abiria kwa nauli, na usome karatasi mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Bima ya matumizi ya nyumbani ni rahisi kwa bei, lakini ajali ikitokea ukiwa na abiria wa nauli ndipo utakapojua ghali yake.

La nne: helmeti ni ya nini, na safari ni fupi? Ajali haiulizi urefu wa safari. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Sheria yataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na koti la kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Helmeti isiyofungwa kidevuni ni kofia ya jua. Basi wewe mwenye pikipiki nunua helmeti mbili, wala usimwachie kijana ajitafutie.

La tano: namna gani kuendesha katika milima yetu? Nchi yetu ya Imenti ni ya miteremko, mito na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Hata barabara ya lami ina hatari. Wote twakumbuka Daraja la Nithi, ambako mwezi wa Julai 2022 basi lilianguka na watu zaidi ya 30 wakafa. Vijana wengine huzima injini wakiteremka ili kuokoa petroli. Hiyo si akiba. Teremka kwa gia ndogo, injini ikiwaka, ili injini yenyewe isaidie kuzuia. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa sababu uzito huja mbele pikipiki inaposimama. Lakini ukiishika kwa ghafula juu ya tope, gurudumu huteleza. Tumia breki zote mbili, polepole, na uanze mapema. Mzigo mzito nyuma huinua mbele, na usukani huwa mwepesi hata pikipiki haikutii. Gunia na mtu visipande pamoja.

La sita: matunzo yake je? Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, kijana atazame mambo matano: breki, magurudumu na upepo wake, mnyororo, taa, na oili. Mnyororo usilegee mno wala usikazwe mno. Kitabu cha kiwanda chaeleza kipimo. Oili ibadilishwe kwa wakati wake, isingojewe mpaka iwe nyeusi kama lami. Na wewe weka fedha ya matengenezo kando. Ukiweka Sh. 50 kila siku ya kazi, kwa siku 26 zitakuwa Sh. 1,300. Mjomba yule tuliyemtaja, kama angekuwa na akiba hiyo, asingesema "mwisho wa mwezi." Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La saba: tukipata ajali tufanye nini? Simama. Usikimbie, hata kama waogopa. Saidieni aliyeumia, wala msimpakie ovyo katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine kama mfupa waweza kuwa umevunjika. Pigeni ripoti polisi upesi. Sheria yatoa saa 24, isizidi. Kisha iarifuni kampuni ya bima.

Sasa twafika kwenye shauri lililo gumu zaidi, nalo ni fedha ya kila siku. Tuseme mmepatana Sh. 400. Kabla kijana hajapata hata senti moja ya kwake, yampasa atafute petroli, kisha Sh. 400 zako, kisha chakula chake cha mchana. Siku ya mvua abiria ni wachache, lakini Sh. 400 hazipungui. Ndiyo maana hutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Ndiyo maana hubeba watu wawili. Ndiyo maana hukimbia. Sisi twamlaumu kuwa ni kijana mkaidi, kumbe kinachomkimbiza ni hesabu tuliyomwekea.

Ndugu Wanachama, chama hiki hakikuanza jana. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli Mombasa waliacha kazi pamoja na wengine, wakidai mishahara ya kutosha na nyumba. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika siku saba, na sheria nyingine ya mwaka huo huo yahusu malipo ya mtu aumiapo kazini. Haki hizi twazililia sana zikiguswa upande wetu. Je, kijana wetu wa Kanyakine anapumzika lini? Akivunjika mguu, analipwa na nani?

Shauri letu ni hili. Andikeni mapatano, hata kama ni ya ukurasa mmoja, mbele ya mzee mmoja au wawili. Yasemwe ni fedha ngapi kwa siku, na ngapi siku ya mvua kubwa au siku pikipiki inapotengenezwa. Yasemwe nani anunua breki na oili. Yasemwe siku ya mapumziko. Yasemwe baada ya muda gani pikipiki itakuwa mali ya kijana mwenyewe, kama mmepatana hivyo. Kijana aandikishwe SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na wewe umsaidie kulipa. Mwe na daftari, kila siku aandike na wewe utazame, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine watasema, "Huyo ni mtoto wa dada yangu, hatuhitaji karatasi." Sisi twajibu kwamba kwa sababu ni mtoto wa dada yako, karatasi yahitajiwa zaidi. Mgeni mkigombana mtaachana. Mtoto wa dada yako mtakutana kila Krismasi, naye akichechemea.

Twasema hivyo si kwa kuwafundisha tu. Mjomba yule wa breki ni mmoja wetu katika kamati hii inayoandika ukurasa huu, naye ndiye aliyetuomba tuandike. Amelipa sehemu ya gharama ya hospitali, na yaliyobaki analipa pole pole. Alisema, "Nilikuwa nikidai haki kazini kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikimnyima mpwa wangu." Hatuna neno la kuongeza juu ya hilo.

Mkienda nyumbani likizo hii, kabla ya kuuliza fedha ziko wapi, shikeni breki.

Umoja ni nguvu.

Ndimi wenu katika chama,
Kamati ya Waandishi