Sindano ya Nguruwe? Acheni Kuwatisha Wajawazito



Ndugu zangu katika imani, kuna maneno yanazunguka hapa Nsambya, baada ya darsa na hata kwenye arusi. Mjamzito ana donge la damu mguuni, au ana vali bandia ya moyo, ameandikiwa sindano za heparini za kuzuia damu isigande. Anatokea mtu asiyesoma fiqhi wala udaktari, anamwambia: "Hiyo ni nguruwe, iache, Allah atakulinda."

Ni kweli, heparini nyingi duniani, pamoja na enoksaparini, hutokana na utumbo wa nguruwe. Sifichi. Lakini mbona mnaishia hapo? Mwaka 1995 wanazuoni na madaktari walikutana Kuwait wakajadili istihala, yaani najisi kugeuka kitu kingine. Na Desemba 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliijadili heparini hii kwa jina lake, likairuhusu pale ambapo hakuna mbadala wa halali unaotosheleza, kwa kiasi cha haja tu. Aya ya 173 ya Suratul Baqara watoto wa madrasa wanaijua. Huyo anayetisha watu anajua lipi wasilolijua wao?

Watasema kuna vidonge vya warfarini. Warfarini hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na hasa wiki ya 6 hadi ya 12 inaweza kumharibu pua na mifupa. Heparini haipiti. Vidonge vipya kama rivaroksabani navyo mjamzito hashauriwi.

Mwenye vali bandia jambo lake ni zito zaidi, kwa sababu warfarini huilinda vali kuliko heparini. Daktari anaweza kumwacha kwenye warfarini kwa makusudi, au kumbadilishia kwa vipindi. Hayo huamuliwa na daktari wa moyo pamoja na wa uzazi, si ssenga wala shekhe. Mimi mwenyewe simo. Kuacha zote ndiko kunakoua: vali huganda, au donge hupanda mapafuni. Na homa ya baridi yabisi imeharibu mioyo ya wasichana wengi nchini mwetu; Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago inawajua.

Tena, tuseme ukweli, wapo waume ambao haramu yao ni bei. Sindano ni kila siku, kwa miezi. Basi sema huna pesa, jamaa tuchange, usijifiche nyuma ya dini.

Akishajifungua, anaambiwa maziwa yake yana sumu! Warfarini huingia kwenye maziwa kidogo mno, heparini kadhalika, na kina mama hunyonyesha huku wakizitumia. Rivaroksabani ndiyo isiyoshauriwa. Mnamnyima mtoto haki yake kwa uvumi?

Dada mwenye vali bandia, ukipitisha siku zako nenda kliniki leo, usingoje tumbo lionekane. Na usiache kidonge mpaka daktari wako akuambie.

Wallahu a'alam.